Kukosa Ajira Sio Kukosa Imani: Waacheni Vijana Wamwombe Mungu Bila Kulipishwa

Kuna watumishi wa Mungu mjini hapa wanatakiwa kuambiwa ukweli, na waambiwe na watu wanaokwenda kanisani, sio na wale wanaolichukia kanisa. Ukweli wenyewe ni huu: wanaivunja imani ya vijana wasio na kazi kuliko hata njaa inavyoivunja. Njaa inamchosha mtu mwili. Mahubiri ya "huna kazi kwa sababu imani yako ndogo" yanamchosha mtu na Mungu wake, na akishachoka huko, nani atampumzisha?

Kila mwenye bando ameshaziona zile klipu. "Wote mnaotafuta ajira, simameni!" Wanasimama mia, wanasimama mia mbili, wengine wana bahasha za vyeti mkononi kwa sababu wiki iliyopita waliambiwa waje navyo vipakwe mafuta. Kamera inawapita mmoja mmoja, sura zinaonekana, kesho yake zipo TikTok na muziki wa huzuni kwa nyuma. Kisha sauti inapanda: kuna roho ya kukataliwa hapa, kuna laana ya ukoo, kuna bibi kijijini ameifunga nyota ya mtu. Na chini ya kioo, taratibu kabisa, inapita namba ya kutuma sadaka.

Hakuna anayeuliza swali moja jepesi. Kama shida ni bibi wa kijijini, mbona suluhisho linaishia kwenye akaunti ya mtu wa mjini?

MBEGU ISIYOOTA

Chukua mfano wa binti mmoja wa Kimara, jina lake halina haja. Alimaliza digrii ya uhasibu mwaka 2019. Anajua kazi yake, alifaulu vizuri, na kanisani alikuwa wa kuaminika tangu akiwa shule ya Jumapili. Mwaka wa kwanza wa kuzunguka na bahasha, aliambiwa apande mbegu ya elfu hamsini. Akapanda. Kazi haikuja. Mwaka wa pili akaambiwa mbegu ile haikuota kwa sababu aliitoa kwa mashaka, kwa hiyo safari hii ailete laki mbili, "iume".

Mtu asiye na kazi anatoa wapi laki mbili? Mama yake anauza vitumbua na chai ya rangi asubuhi pale kituoni. Mama akatoa ya mtaji. Wiki mbili hakukuwa na vitumbua.

Mara ya tatu binti akaenda kwa kausha damu, wale wa kuacha kitambulisho na kulipa kila siku. Akapeleka sadaka ya kujimaliza. Kilichofuata kila mtu wa mtaani anakijua: simu za wadai, meseji kwa ndugu, meseji kwa majirani, picha yake kwenye magrupu ya WhatsApp imeandikwa "tapeli". Alipokwenda kumuuliza mtumishi imekuwaje, alijibiwa hivi: "Binti yangu, tatizo una manung'uniko. Mungu hafanyi kazi na mtu wa manung'uniko."

Siku hizi binti huyo akiona bango la mkutano wa injili anavuka barabara. Mama yake anaendelea kumwombea, ila kwa sauti ya chini, maana akimsikia anakasirika. Watu wa kanisani kwake wanasema amerudi nyuma, shetani amemteka. Hapana. Shetani hakutuma ile namba ya sadaka. Binti alisukumwa nje na mtu mwenye maikrofoni, kisha mlango ukafungwa kwa ndani na yeye akalaumiwa kwa kutoka.

Mabinti na vijana wa namna hiyo wapo Mbagala, wapo Mwanza, wapo Mbeya, wapo Arusha. Hawahesabiwi na mtu, kwa sababu anayeacha kanisa kimyakimya haachi taarifa.

HESABU HAINA MAPEPO

Sasa ije hesabu, maana hesabu haipakwi mafuta.

Juni 2014, Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam ulijaa watu. Haikuwa Simba na Yanga. Walikuwa vijana zaidi ya 10,000 waliokuja kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Picha za majukwaa yale zilizunguka nchi nzima: vijana wamekaa juani na makaratasi mapajani kama wanafunzi wa mtihani wa taifa. Kila kiti kimoja kiligombewa na watu zaidi ya 140.

Watu wakadhani ile ilikuwa ajabu ya mwaka mmoja. Mwanzoni mwa 2025, Mamlaka ya Mapato Tanzania ikatangaza nafasi 1,596. Walioitwa kwenye usaili peke yao walizidi 100,000. Hao ni waliochujwa wakapita, achana na walioomba wakaachwa.

Haya, wachukuliwe wote hao 100,000. Waombewe wote. Wafunge siku arobaini wote. Wapande mbegu wote, tena za kuuma. Vyeti vyote vipakwe mafuta hadi wino ufutike. Siku ya matokeo, bado zaidi ya 98,000 wangerudi nyumbani, kwa sababu nafasi ni zile zile 1,596. Je, hao 98,000 wote bibi zao ni wachawi? Wote wana roho ya kukataliwa? Laana gani hiyo ya ukoo inayomkamata Mchaga, Msukuma, Mmakonde na Mhaya siku moja, kwenye tangazo moja la kazi?

Uhaba wa ajira una sababu zake, na zinajulikana. Kila mwaka vyuo vinamwaga wahitimu kuliko nafasi zinazofunguliwa. Waajiri wengi wanataka uzoefu wa miaka mitatu kwa mtu aliyemaliza chuo juzi. Kazi nyingine zinatangazwa huku mwenyewe ameshapatikana. Hayo ni mambo ya sera, ya uchumi, na mengine ni dhambi kweli, ila dhambi ya anayetoa kazi kwa kujuana, sio ya anayeikosa. Mhubiri anayeruka yote hayo akaenda moja kwa moja kwa kijana na kumwambia "tatizo ni wewe" amechagua mtu dhaifu kuliko wote kwenye hiyo foleni. Kwa bosi anayeuza nafasi hasogei, maana bosi anakaa viti vya mbele.

BIBLIA IMESHALISEMA HILI

Kinachoshangaza zaidi ni kwamba Biblia ina habari ya watu wasio na ajira, na inahubiriwa kila mwaka bila wengi kugundua. Ipo Mathayo sura ya 20. Mwenye shamba la mizabibu anatoka asubuhi kutafuta vibarua, anatoka tena, anatoka tena. Saa kumi na moja jioni, muda ambao pale Mbezi au Gongo la Mboto watu wanagombania daladala za kurudi nyumbani, anawakuta wengine bado wamesimama. Anawauliza kwa nini wamekaa kutwa nzima bila kazi. Jibu lao ni fupi: hakuna aliyewaajiri.

Hapo ndipo pa kutazama. Mwenye shamba hakuwaambia wana roho ya kukataliwa. Hakuwauliza walitoa sadaka kiasi gani. Hakuwapiga picha. Aliwaamini walichosema, akawapa kazi, na jioni akawalipa sawa na walioanza alfajiri. Yesu mwenyewe ndiye aliyesimulia. Kwa hiyo mtu akisimama madhabahuni akawaaibisha waliokosa mwajiri, ajue amekwenda kinyume na mwenye shamba.

Kisha kuna Ayubu. Alipoteza mifugo, wafanyakazi, watoto kumi na afya yake. Rafiki zake watatu walipofika, mwanzoni walifanya jambo la maana sana: walikaa naye chini siku saba, kimya. Wangeishia hapo, wangeitwa mashujaa hadi leo. Ila walifungua midomo, na walichosema ndicho kinachosemwa leo mjini: lazima kuna kitu umefanya, jichunguze, haiwezekani mwenye haki akapigwa hivi. Mwisho wa kitabu, Mungu anawakasirikia hao rafiki kwa sababu hawakunena yaliyo sawa juu yake, anawaagiza watoe sadaka, na anamtaka Ayubu ndiye awaombee. Yaani waliohitaji maombezi walikuwa wale wahubiri, na mwombeaji alikuwa yule aliyefilisika. Mtumishi anayewasimamisha wasio na kazi ili awaombee angesoma hapo taratibu, pengine angekaa yeye.

Na lile andiko la Paulo kwa Wathesalonike kuhusu kazi na kula, ambalo mashemeji na wajomba wanalitupa mezani kila Krismasi? Linamhusu asiyetaka kufanya kazi. Asiyetaka. Kijana aliyetuma maombi mia mbili, akasafiri kwa basi hadi Dodoma kwenye usaili na kurudi mikono mitupu, huyo anataka. Kumpiga na andiko la wavivu ni kumsingizia. Tena Paulo huyohuyo, kwenye maneno hayohayo, anajieleza kwamba alifanya kazi kwa mikono yake usiku na mchana asimlemee mtu. Alikuwa fundi wa mahema kule Korintho, Matendo sura ya 18. Ajabu ni kwamba andiko hilo linapendwa sana na watu wanaoishi kwa mbegu za wasio na kazi.

Kuhusu kununua baraka kwa hela, Matendo sura ya 8 inamtaja Simoni wa Samaria aliyewapelekea mitume pesa ili apate karama. Petro aliikataa ile pesa kwa maneno makali mno. Siku hizi Simoni angepewa kiti cha wageni maalumu.

USHUHUDA WENYE MJOMBA NDANI YAKE

Hapa watu watajibu: mbona fulani aliombewa na akapata? Ni kweli, wapo. Mtu kuomba akapata kazi ni jambo la kumshukuru Mungu, na anayeamini Mungu anajibu hana sababu ya kulionea haya. Shida iko kwenye ushuhuda uliokatwa katikati.

Staa mmoja wa mjini, sura yake ipo kwenye mabango, alipanda madhabahuni akasimulia jinsi alivyofunga siku tatu na siku ya nne simu ikaita: njoo uanze kazi. Kanisa likalipuka. Vijana wakalia. Ambacho hakusema ni kwamba aliyepiga simu ni mjomba wake, na mjomba ana cheo kwenye kampuni hiyohiyo. Sasa, kuwa na mjomba sio dhambi. Mungu anaweza kumtumia hata mjomba. Lakini kijana wa Tandale aliyekaa kiti cha nyuma, asiye na mjomba wala jirani wa mjomba, alitoka pale akiamini kwamba staa kafunga siku tatu akajibiwa, yeye kafunga ishirini na moja na hajajibiwa, basi Mungu ana watu wake na yeye hayumo. Sehemu moja iliyofichwa kwenye ushuhuda imemwibia mtu tumaini.

Ushuhuda kamili ungesema hivi: nimemshukuru Mungu, na mjomba alinishika mkono, na najua wengi hawana wa kuwashika. Ungechukua sekunde kumi zaidi. Usingepata laiki nyingi, ila usingemuumiza mtu.

NA WANAOCHEKA NAO WAKAE

Upande wa pili wa mtandao nao usijione umeshinda. Kuna wale ambao posti yoyote ya kijana aliyeandika "Mungu atatenda" wanaishukia: wenzako wanatuma CV wewe unakesha, toka magotini utafute kazi, dini imewaharibu. Zinaitwa akili nyingi, kumbe ni dharau.

Kwanza, mkesha unachukua usiku mmoja wa Ijumaa. Mchana wote wa wiki unabaki, na wengi wanaokesha ndio haohao walioamka asubuhi kupeleka bahasha. Maombi hayajawahi kumzuia mtu kufungua Ajira Portal. Pili, kwenye wimbi hilo la wanaocheka wamo wenye mkeka mfukoni, timu kumi na nne, wanasubiri timu ya daraja la pili huko Ulaya ipate kona ya tisa. Anayeusubiri mkeka utiki anamcheka anayemsubiri Mungu! Angalau huyu wa pili haliwi hela kila Jumamosi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, wanaocheka hawajui imani inafanya kazi gani kwa mtu aliye mwaka wa nne bila mshahara. Ndiyo inayomtoa kitandani. Ndiyo inayomzuia asiseme "maisha hayana maana" akamaliza habari. Kwaya ya Jumamosi jioni ndiyo sehemu pekee kwa wiki nzima ambako anaitwa kwa jina lake na kuambiwa sauti yako ya pili inahitajika. Ukimnyang'anya hiyo kwa komenti ya kejeli, unampa nini badala yake?

UIMARA UNAOFICHWA

Kinachokera ni kwamba makanisa yanatafuta imani imara kwa waliopata kazi, wakati imani imara kuliko zote imekaa kwa ambao hawajapata.

Dada mmoja alipita hatua ya kwanza ya usaili wa kampuni binafsi. Akaambiwa hatua ya pili ni hotelini, saa mbili usiku, aje peke yake na asimwambie mtu. Alielewa. Alikuwa anadaiwa kodi ya miezi mitatu, mdogo wake karudishwa shule kwa ada. Hakwenda. Akafuta ile namba, akalia, kesho yake akaamka kuuza juisi. Huu ni mwaka wa tatu na bado hana ajira.

Huyo ndiye mtu wa imani. Ila hajawahi kuitwa mbele kushuhudia, kwa sababu ushuhuda wake hauna gari mwishoni. Wala hajawahi kusikia mhubiri akisema wazi kwamba rushwa ya ngono ni kosa la jinai, ipo kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na kwamba TAKUKURU wanapigiwa bure kwa 113. Dakika moja tu ya mahubiri ingetosha. Dakika hiyo imekwenda kwenye bei ya mafuta.

Kuna pia kaka mmoja wa bodaboda, mwenye stashahada ya ugavi, aliyeletewa dili la cheti. Alipungukiwa alama kwenye somo moja la kidato cha nne, na jamaa akamwambia kwa laki tatu anapata karatasi safi. Alikataa, akacheka, akawasha pikipiki. Wanaokumbuka mwaka 2017 wanajua alichokwepa: uhakiki wa vyeti ulitoa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na wengi walikuwa wamefanya kazi miaka mingi wakijua siku moja mlango utagongwa. Lakini kaka yule hakukataa kwa kuogopa uhakiki. Alisema hawezi kuomba baraka juu ya karatasi ya uongo. Jumapili anaimba besi. Kazi ya ugavi bado hajapata.

Uimara ni huo. Kusema kweli kwenye CV wakati uongo unalipa. Kukataa chumba cha hoteli wakati kodi imefika. Kumpongeza rafiki aliyeajiriwa bila kumtafutia kasoro. Kuendelea kumwambia Mungu mambo yako, hata kama leo unachomwambia ni malalamiko. Na malalamiko yenyewe yanaruhusiwa: Zaburi zimejaa watu wanaomuuliza Mungu mpaka lini, na hakuna aliyewafukuza hekaluni kwa kunung'unika. Yule aliyemwambia binti wa Kimara kwamba Mungu hafanyi kazi na wanung'unikaji angelazimika kuchana kurasa nyingi sana.

Na imani ya namna hiyo ndiyo Ayubu aliyopimwa nayo. Swali la mshitaki lilikuwa kama Ayubu anamcha Mungu bure, au anamcha kwa sababu ya mali. Anayehubiri kwamba kijana amche Mungu ili apate kazi, na asipopata basi hakumcha vya kutosha, anakubaliana na mshitaki bila kujua: kwamba hakuna anayempenda Mungu bure.

KANISA LIFANYE KAZI YAKE

Basi kanisa lifanye nini? Lisiwe ofisi ya ajira, hakuna anayelidai hilo. Ila lina watu, lina majengo, lina Jumapili.

La kwanza, badala ya kuwasimamisha wasio na kazi, wasimamishwe wenye kazi za kutoa. Kila kanisa la mjini lina wenye viwanda vidogo, maduka, hospitali binafsi, shule, kampuni za usafirishaji. "Nani wiki hii anaweza kumpokea kijana mmoja ajifunze kazi miezi mitatu kwa posho?" Hapo kamera ipite taratibu, uone nani ataangalia chini. Torati iliwaagiza wenye mashamba wasivune mpaka pembeni, waache masazo kwa maskini na mgeni, na Ruthu aliishi kwa masazo hayo huku akiokota kwa mikono yake. Agizo lile alipewa mwenye shamba. Hakuna mahali Ruthu alipoambiwa alipie masuke.

La pili, kanisa lilipe vijana wake. Hili linaumiza wengi kimya. Mpiga kinanda hana kazi, anapiga kila Jumapili bure. Fundi mitambo hana kazi, anakuja saa kumi na mbili asubuhi kwa nauli yake. Mwenye kamera, anayehariri klipu, anayeendesha ukurasa wa Instagram wenye maelfu ya wafuasi, wote "wanamtumikia Bwana", kisha wanasimamishwa kuombewa wapate ajira. Ajira wanayo tayari, kanisani hapo hapo. Kilichokosekana ni mshahara. Yesu alisema mtenda kazi anastahili ujira wake, na hakuondoa wapiga kinanda. Kujitolea ni kuzuri, ila kuwe kwa kuchagua, na kusiwe kwa mtu ambaye jioni hana hela ya mlo.

La tatu, ukumbi wa kanisa ufunguliwe Jumamosi. Waumini wanaofanya kazi za utumishi na uajiri waje wasome CV za vijana, wawafanyishe mazoezi ya usaili, wawaambie nani tapeli na nani mwajiri wa kweli. Wanaotaka kujiajiri wasaidiwe kuunda vikundi na kuandika maombi ya mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo asilimia 4 ni ya vijana, 4 ya wanawake na 2 ya watu wenye ulemavu, na haina riba. Kijana angeijua hiyo mapema, kausha damu asingempata.

La nne, na hili halihitaji bajeti: mtu asiye na kazi asiombwe sadaka ya kupatia kazi. Ikome. Anayetaka kutoa kwa upendo atoe, hata mia mbili yake, na ile ya mjane hekaluni Yesu aliiheshimu. Lakini kuweka bei juu ya tumaini la mtu aliyekwama ni biashara, na biashara hiyo inajua kabisa mteja wake hana pa kwenda.

KWA WALIO BADO KWENYE FOLENI

Kijana anayesoma hivi akiwa na simu yenye asilimia tisa ya chaji na barua pepe ya "tunasikitika kukujulisha" ajue jambo moja. Hiyo barua imeandikwa na ofisi, haijaandikwa na Mungu. Imesema nafasi zilikuwa chache. Haijasema chochote kuhusu roho yako.

Aendelee kuomba kama alivyokuwa anaomba, kwa sababu Mungu ni Mungu hata mwezi usio na mshahara. Aendelee kutuma maombi, na kibarua chochote cha halali akifanye bila aibu, maana Yesu mwenyewe Nazareti walimjua kama seremala. Akichoka apumzike, na akiwa na rafiki mmoja wa kukaa naye kimya kama wale wa Ayubu siku saba za kwanza, amshike huyo. Kanisa linalomfanya ajione takataka alihame, ahamie linalomjua kwa jina. Kuhama kanisa sio kumhama Mungu.

Na akitokea mtu wa kumwambia kwamba Mungu anasubiri laki mbili ndipo afungue mlango, aifunge hiyo simu. Hela aiweke. Kuna siku ataitwa kwenye usaili Dodoma, na nauli ya basi haipandwi kama mbegu, inakatiwa tiketi.